SOMO KWA WAZAZI: Mtoto aliyekatizwa shule ajifunze kwa mikono mpaka Septemba



Watoto wengi wa kambi yetu walitoka darasani katikati ya mwaka. Wengine walivuka mto Rusizi na wazazi wao mwezi wa Februari 2025, wengine walitoka Uvira mwezi wa Desemba 2025, na daftari zikabaki kule kule. Tangu hapo, swali moja linatufikia sana kwenye zahanati, hata kutoka kwa mama aliyekuja kwa sababu ya homa ya mtoto. Anauliza kama mtoto huyu atasahau yote aliyosoma.

Jibu letu ni kwamba hatasahau yote, ila yale aliyoyakariri kwa mdomo tu hutoka upesi. Yale aliyoyashika, akayapima na kuyahesabu kwa mikono yake, hukaa. Ndiyo maana somo la toleo hili linahusu kufundisha nyumbani kwa vitendo, kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, ili mtoto arudi shuleni Septemba akiwa bado mwanafunzi. Mzazi asiyejua kusoma asiweke karatasi hii pembeni. Asomewe na jirani, kwa sababu karibu kazi zote zilizomo anaweza kuzifanya yeye mwenyewe.

Jambo hili si geni kwenu. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ya Kongo ilifunga shule zote, na wazazi wa Uvira walikaa na watoto nyumbani kwa miezi. Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, shule ziliendelea. Burundi ilikuwa moja kati ya nchi chache sana duniani ambazo hazikufunga.

Mtoto atarudi shule gani?

Tuanze hapa, maana wazazi wengi wanafikiri shule zote ni sawa. Katika kambi za zamani za Burundi, kama Musasa na Bwagiriza, shule zilifuata kwa miaka mingi programu ya Kongo. Mjini Bujumbura mambo ni tofauti. Watoto wa wakimbizi wanaoishi mjini huingia shule za Burundi na kukaa benchi moja na watoto wa nchi. Shule ya msingi huko ina madarasa tisa, si sita kama tulivyozoea, kwa hiyo mtoto wa darasa la saba bado yumo katika shule ya msingi. Madarasa ya mwanzo yanafundishwa kwa Kirundi, na katika madarasa ya juu Kifaransa ndicho kinachukua nafasi.

Familia nyingi za hapa zina shangazi au mjomba Buyenzi, Bwiza au Kinama (tunasema Kinama ile ya Bujumbura, si kambi ya jina hilo iliyoko Gasorwe), na wanafikiria kumpeleka mtoto huko asome. Shida inayomsubiri huyo mtoto kwa kawaida si hesabu. Ni lugha. Mtoto wa miaka kumi na mmoja asiyeelewa neno la mwalimu huwekwa pamoja na watoto wa miaka minane. Anaona haya, anachekwa, na kabla ya Krismasi ameacha shule anauza karanga barabarani. Hilo ndilo tunalotaka kulizuia kwa miezi iliyobaki, na linawezekana.

Kama unafikiria safari hiyo, uliza kwanza ofisi ya kambi kuhusu kibali cha kutoka. Usimtume mtoto na mtu wa gari tu.

Hesabu za vijiti

Mwambie mtoto akusanye vijiti vyembamba mia moja, vya urefu wa kidole. Afunge kumi kumi kwa uzi wa gunia. Sasa ana mafungu kumi. Hiyo ndiyo mashine yake ya hesabu.

Mpe hesabu ya 32 kutoa 7. Aweke mezani, au kwenye mkeka, mafungu matatu na vijiti viwili. Anatakiwa kutoa saba, lakini vijiti vilivyo huru ni viwili tu. Usimwambie la kufanya. Ngoja. Watoto wengi wataangalia mafungu, watakuangalia wewe, halafu watafungua fungu moja. Hapo wana vijiti kumi na viwili, wanatoa saba, wanabaki na vitano, na mafungu mawili hayajaguswa: 25. Kule shuleni waliambiwa "unakopa moja kwa jirani" na wakaandika bila kujua wanakopa nini. Sasa wamekiona kile kinachokopwa, na kwamba si moja bali ni kumi.

Kuzidisha nako ni hivyo hivyo. Safu nne za vifuniko vya chupa, kila safu vifuniko sita. Ahesabu vyote. Kisha ageuze mkeka upande, aone safu sita za vifuniko vinne, na jumla ni ile ile. Mtoto aliyeliona jambo hili mara moja amepunguziwa nusu ya jedwali la kuzidisha.

Zaidi ya mia moja miaka iliyopita, mwaka 1907, daktari mmoja wa Italia, mama Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Wazazi walikuwa vibarua wanaoshinda kazini. Yeye hakuanza na ubao. Aliwapa watoto shanga za kuhesabu zilizofungwa kumi kumi, na herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili wazipitishe vidole kabla ya kushika kalamu. Njia yake sasa inatumika katika shule za gharama kubwa duniani, jambo ambalo linachekesha kidogo, kwa sababu ilianza na watoto ambao hawakuwa na kitu. Kwa herufi, wewe tumia mchanga uliolainishwa kwenye sinia, au kamba ya katani iliyolazwa chini kwa umbo la herufi. Mtoto wa miaka mitano apitishe kidole huku akitamka sauti yake.

Maji ya nyumbani

Mashirika yanayohudumia wakimbizi hulenga kila mtu apate lita 20 za maji kwa siku. Muulize mtoto: sisi tuko watu sita, tunahitaji lita ngapi? Ni 120. Hizo ni bidoni ngapi za lita 20? Ni sita. Na tukitumia bidoni ndogo za lita 5? Ni ishirini na nne. Kisha ahesabu bidoni zilizoingia nyumbani kwa siku saba, akichora mstari mmoja wa mkaa ukutani kwa kila bidoni. Mwisho wa wiki agawanye kwa saba. Hiyo inaitwa wastani, na iko katika vitabu vya madarasa ya juu. Na kama jumla yenu iko chini sana ya lengo, mwenye habari hiyo ni mtoto wako: mwende naye kwa mwakilishi wa maji wa mtaa mumwonyeshe.

Hapa hapa tuseme la afya. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu bidoni lenyewe. Mtoto wa miaka minane asibebeshwe bidoni hilo kichwani. Abebe la lita 5.

Nusu kijiko

Somo hili tunaomba lifanyike katika kila nyumba, hata kama mengine yote yatashindikana. Bujumbura na miji ya kando ya ziwa Tanganyika inakijua kipindupindu. Mlipuko mmoja ulitangazwa mjini humo tarehe 1 Januari 2023, na haukuwa wa kwanza. Katika kuhara kwa namna yoyote, mtu hufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini. Dawa ya kwanza ni kinywaji cha kurudisha maji. Pakiti inayotolewa zahanati ndiyo bora, na ile iliyoandikwa lita moja ichanganywe katika lita moja kamili ya maji safi, si kikombe, si nusu chupa. Pakiti isipopatikana, kinywaji hutengenezwa nyumbani kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vyote viwe vya msawazo, yaani vilivyokatwa juu kwa kisu.

Nusu! Watu wengi hukosea hapo. Chumvi ikizidi, kinywaji kinamdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Na mtu anayekuwa nyumbani na mdogo wake anapoanza kuhara, mama akiwa kwenye foleni ya mgao, mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili. Basi mfundishe nusu kwa mikono.

Anza na mchanga mkavu, ili chumvi isiharibike. Ajaze kijiko, asawazishe kwa ukingo wa kisu, amwage kwenye sahani kikilundo kidogo, akigawe kwa kisu sehemu mbili zinazolingana. Sehemu moja airudishe kwenye kijiko aone nusu inavyoonekana ndani ya kijiko. Arudie mara tano, mpaka aweze kuijaza nusu kwa jicho na ukipima unaona ni sawa. Kisha mwulize: na kama tuna chupa ya nusu lita tu? Atatafuta. Sukari ni vijiko vitatu. Chumvi ni nusu ya nusu, yaani robo. Agawe mchanga tena. Huyu mtoto amejifunza sehemu kuliko wengi wanaoziandika ubaoni, na atakapokwenda Bujumbura mwalimu akiandika 1/2 na 1/4 atajua ni kitu gani, kwa lugha yoyote ile.

Siku ya mwisho fanyeni kwa sukari na chumvi ya kweli, na kila mtu aonje. Ladha isizidi chumvi ya machozi. Kinywaji kisichomalizika kwa saa ishirini na nne kimwagwe. Na mtoto aelewe jambo hili wazi: mgonjwa akihara maji meupe kama ya kuoshea mchele, apewe kinywaji huku anapelekwa zahanati mara moja, mchana au usiku. Kinywaji hakichukui nafasi ya zahanati.

Kwa wadogo zaidi kuna mchezo wa mkaa. Saga mkaa, mpake mtoto mmoja kwenye kiganja, kisha waachie wacheze robo saa: kushikana mikono, kurusha mpira, kufungua mlango. Halafu tafuteni mkaa umefika wapi. Utaukuta kwenye mashavu, kwenye kikombe, kwenye nguo ya mtoto ambaye hakuguswa na yule wa kwanza. Sasa hauhitaji tena kuhubiri kwamba uchafu wa chooni unasafiri. Wanawe kwa sabuni, au jivu kama sabuni imeisha, na wahesabu mpaka kumi mara mbili polepole wakati wanasugua.

Na hapo pa kuhesabu ndipo tunapoanzia Kirundi.

Kumi za Kirundi

Wahesabu hivi: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, indwi, umunani, icenda, icumi. Kila wanaponawa. Kwa siku ni mara tano au sita, na baada ya wiki mbili hakuna atakayekosea.

Msikilizishe mtoto aone kwamba hii si lugha ya mbali. Kabiri ni mbili, gatatu ni tatu, kane ni nne, gatanu ni tano, umunani ni nane, icumi ni kumi. Zinazotofautiana kabisa ni sita, saba na tisa, kwa sababu Kiswahili kilizichukua kutoka Kiarabu, na Kirundi kikabaki na zake. Ongeza na moja. Kwa hiyo kazi ni maneno manne tu. Amazi ni maji. Umwana ni mtoto, yaani mwana. Igitabu ni kitabu, kwandika ni kuandika, gusoma ni kusoma. Mtego upo pia: amata ni maziwa, si mate, na mtoto atakayecheka kwa hilo hatalisahau. Watoto wa Banyamulenge watapita hapa bila shida, kwani lugha ya nyumbani kwao iko karibu sana na Kirundi. Wakae na wenzao wa Baraka na Fizi wanaosema Kibembe, wawe walimu.

Mfundishe pia sentensi mbili za darasani kabla ya nyingine zote. Sinabitahuye, maana yake sikuelewa. Ndashaka kuja hanze, maana yake nataka kwenda nje. Mtoto mdogo ambaye hajui kusema hii ya pili hujikojolea darasani siku ya kwanza, na siku ya tatu anakataa shule. Tumeona sababu ndogo kama hiyo ikimtoa mtoto shuleni kuliko ada.

Kifaransa chake hakitapotea akikitumia kwa hesabu zile zile za vijiti. Kuna bahati moja: Wafaransa wenyewe wakitaja 70 husema sitini na kumi, na 90 kwao ni ishirini nne na kumi, lakini Kongo na Burundi zote zilitawaliwa na Ubelgiji, kwa hiyo pande zote mbili za Rusizi watu husema septante na nonante. Mtoto wa Uvira na wa Bujumbura wanahesabu Kifaransa kimoja. Na Kiswahili ni somo katika shule za Burundi. Katika somo hilo mwanao ndiye atakayeombwa msaada na wenzake, na inafaa ajue hivyo kabla hajaenda.

Muda na mpangilio

Saa moja kwa siku inatosha, asubuhi kabla ya jua kali, saa ile ile kila siku. Anayelazimishwa saa nne atachukia na wewe utachoka. Mtoto wa kike mkubwa mwenye kazi ya kulea wadogo asiachwe nje ya saa hiyo. Kama hakuna wa kumpokea mtoto mgongoni, basi somo lifanyike na mtoto akiwa mgongoni.

Wapo watoto ambao wameona mambo ya vita. Huyu anashtuka mlango ukigonga, yule amerudia kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, mwingine amenyamaza. Huyo si mjinga wala mkaidi, na fimbo itamzidishia. Mpe kwanza kazi ya mikono isiyo na jibu sahihi wala kosa: gari la waya, mpira wa mifuko, mbegu ya maharage kwenye kitambaa chenye maji ambayo ataichungulia kila asubuhi mpaka ichipue. Vijiti vitakuja baadaye. Hali ikiendelea kwa wiki nyingi, au kama hali chakula na halali, mlete zahanati. Tunapokea watoto wa namna hiyo na hatuwacheki.

Mwili wa mwanafunzi

Mtoto anayesinzia darasani huenda ana minyoo au upungufu wa damu. Dawa ya minyoo hutolewa katika kampeni za afya ya mama na mtoto. Kama zilimpita, uliza. Wale waliotoka bonde la Rusizi na kuzoea kuoga kwenye mifereji na madimbwi ya mpunga wapimwe kichocho cha tumbo, hasa wakiwa na maumivu ya tumbo au damu kwenye choo. Kinatibika kwa vidonge vinavyomezwa siku moja.

Macho unaweza kuyachunguza mwenyewe. Chora alama mbili zinazofanana na moja iliyo tofauti kidogo kwenye kadi, mweke mtoto hatua kumi kutoka hapo, afunike jicho moja, kisha la pili. Akishindwa kwa jicho moja anapoweza kwa jingine, njoo naye. Wako watoto waliorudia darasa mara mbili kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hawaoni ubao.

Wiki mbili kabla ya kufungua, rudisha saa ya kulala. Mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili za usingizi.

Karatasi

Weka pamoja, ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji: karatasi ya ukimbizi, cheti au uthibitisho wa kuzaliwa, kadi ya chanjo, na buletini ya alama kama iliokolewa. Kadi ya chanjo iliyopotea hutengenezewa nyingine. Mtoto aliyekosa chanjo ya surua au polio atazipata bila malipo. Buletini isipokuwepo, mwombe mkuu wa shule ampime mtoto badala ya kukadiria kwa umri au kwa lugha, na mtoto abebe daftari aliloandikia nyumbani miezi hii. Hilo nalo ni ushahidi. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 22, unasema kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Neno hilo unaweza kulitamka kwa heshima ofisini kwa mkuu wa shule.

Sare usinunue mapema. Ile nyeupe na buluu ya Kongo huenda isikubaliwe Bujumbura. Mwulize mkuu wa shule kwanza rangi na kitambaa. Hela hiyo anza nayo kwa daftari, kalamu na viatu.

Asubuhi ya kwanza anywe uji kabla ya kutoka, abebe chupa yake ya maji safi, na umsindikize mpaka mlangoni. Barabarani mhesabu kwa Kirundi.